Jicho la Kushoto la Jivu

Jivu alikuwa farasi wa watu wawili. Baba mdogo, kabla hajafariki, alimwita shangazi akawa shahidi, akasema jike lile la kijivu amewaachia Fundi na kaka yake, na kwamba mmoja asiamue lolote bila mwenzake. Jivu alikuwa na miaka mitano wakati huo na hajabeba kitu mgongoni ila nzi.

Kaka yake Fundi, karani wa ghala, mtu wa kalamu sikioni, alikuwa na shauri lake tangu siku ya kwanza. Alimjua Mwalimu, mtu wa kufundisha farasi, mwenye uwanja mkubwa na wanafunzi wake. Jivu aende kwa Mwalimu, afundishwe, abaki hukohuko apandwe na wanafunzi, na wao wawili wapumzike.

"Nipumzike na nini?" Fundi aliuliza. "Nimekwambia nimechoka?"

"Wewe ni fundi cherehani, mdogo wangu. Farasi si cherehani, kwamba utaikanyaga tu mpaka ikubali."

"Na cherehani pia haikubali kwa kukanyagwa. Ndiyo maana suruali zako unazileta kwangu."

Shangazi ndiye aliyekata maneno. Fundi apewe miezi minane. Mwisho wa miezi hiyo kulikuwa na majaribio ya farasi wapya, pale uwanjani kwa daktari wa mifugo. Jivu akifaulu akiwa mikononi mwa Fundi, atabaki kwa Fundi. Akishindwa, atapanda lori la Mwalimu siku hiyohiyo na neno lisiwepo. Wote wawili walikubali, kaka akicheka, Fundi bila kucheka.

Hakuwa amesomea farasi. Alichojua alikiona kwa macho, miaka nenda rudi, akiwa amekaa juu ya uzio wa baba mdogo na kazi ya kufuma mikononi. Alikuwa mtu wa kutazama. Watu wengine wakimtazama farasi huona farasi. Yeye aliona sikio limegeuka, mdomo umelegea, mguu wa nyuma umepumzishwa au umejiandaa. Basi akafanya alivyoona. Mwezi wa kwanza kamba tu. Wa pili blanketi, aliweka na kuondoa, aliweka na kuondoa, mpaka Jivu akawa anasinzia. Tandiko likaja baadaye, kisha uzito wa mikono yake, kisha tumbo lake kulazwa juu ya mgongo kama gunia, kisha siku moja akajikuta amekaa, ameshika hatamu, na Jivu amegeuza shingo kumnusa kiatu.

Kazi yake ya kushona sare za shule ilimweka mezani mpaka saa tisa. Saa kumi alasiri alikuwa bandani, uzi bado umemganda kwenye sketi. Siku zote saa kumi. Alimshika Jivu kutoka upande wa kushoto kama kila mtu, alipanda kutoka kushoto kama kila mtu, halafu walizunguka uwanja mdogo wa nyuma ya banda kwa kukata kushoto, uzio ukiwa mkono wa kulia. Kulikuwa na sababu. Ukizunguka kinyume chake, upande ule mrefu wa uzio jua la alasiri lilikuingia machoni, usione hata masikio ya farasi wako. Alijaribu mara mbili tatu, akaacha. Akajisemea atafanya siku ya mawingu.

Kwenye uzio huo mrefu alitundika vipande vya nguo vilivyobaki kazini: buluu, kijani, cheupe cha shati, na chini yake akapanga mapipa mawili matatu. Alijua kwamba kwenye majaribio kutakuwa na kitu cha kupepea. Wiki ya kwanza Jivu aliona jini. Wiki ya sita alipita mbio akiwa amelegeza masikio, upepo unavuma, vitambaa vinapiga kelele kama kuku.

Saisi, mama mmoja mnene aliyetunza farasi wote wa banda lile, alikuwa akisimama na ndoo yake kutazama.

"Fundi, huyo sasa mpe cheti cha matambara."

"Bado, mama. Hajajua kupiga pasi."

Siku ya majaribio kaka alikuja kwenye lori la Mwalimu, mbele, kiti cha pembeni, akiwa amevaa shati la kazini. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na hakuwa na ubaya wowote. Alimtazama Jivu kutoka kwato mpaka singa za shingoni akasema, "Umemlisha vizuri." Fundi akashukuru. Alikuwa na roho juu, lakini mikono ilikuwa imetulia.

Daktari alikaa mezani chini ya turubai na karatasi zake. Masharti alikuwa ameyasoma kwa sauti: kila farasi azunguke uwanja kwa pande zote mbili, kwa kutembea, kwa mchakamchaka, kisha kwa mbio; apite mapipa na lile pazia la buluu lililofungwa kwenye uzio; asimame; arudi nyuma hatua nne. Asishikwe na mtu. Atakayekataa mara tatu ameshindwa, ila anaweza kurudia mara moja, mwisho kabisa, wenzake wakishamaliza.

Jivu akaingia. Walianza kwa kukata kushoto. Alitembea kama bibi harusi. Mchakamchaka ukawa sawasawa, na kwenye mbio pazia lilipepea karibu na bega lake la kulia, hata hakulipa salamu. Pembeni kaka aliacha kuzungumza.

Wakageuka. Kutembea, sawa, mpaka kwenye pazia. Hapo Jivu aliruka pembeni kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kikuku cha tandiko kikamtoka Fundi mguuni, akashika singa, akajirudisha kwenye tandiko kwa bahati kuliko kwa ujuzi. Akamrudisha. Jivu akaruka tena. Mara ya tatu hakuruka, alikataa tu, amekita miguu minne, anapuliza pua.

"Tatu," Daktari alisema, bila ukali. "Utarudia mwisho ukitaka. Mbele yako wako sita."

Fundi alitoka nje ya uwanja akiwa amemshika hatamu. Alimkagua kwato zote nne akitafuta jiwe. Hakuna. Alipitisha kidole chini ya mkanda wa tandiko. Haukubana. Kaka akaja.

"Umejitahidi," alisema. "Kweli. Sikutegemea hata ule upande wa kwanza. Lakini tusisumbuane, lori liko pale."

"Wako sita, kaka."

Mwalimu alikuwa amefuata nyuma yake na fimbo nyembamba ya kupandia farasi. Akampa Fundi, upande wa mpini. "Mkifika pazia, mchape mbili nyuma ya mguu wako. Atapita. Wa aina hii nawajua, anajaribu kukutawala tu."

Fundi aliishika fimbo. Alimtazama Jivu. Farasi anayetaka kukutawala hatetemeki ngozi ya begani, na Jivu alikuwa akitetemeka. Huyu hakuwa mjeuri. Huyu alikuwa ameona kitu kipya. Lakini kipya vipi, pazia lilelile alilolipita dakika tatu kabla?

Alivua kitambaa chake cha kichwa. Akasimama upande wa kulia wa Jivu, akakipunga. Jivu akapepesa jicho. Fundi akazunguka mbele, akasimama upande wa kushoto, akakipunga vilevile. Jivu akaruka nyuma nusura ang'oe hatamu.

Fundi akasimama na kitambaa mkononi.

Miezi minane. Vitambaa vyote, mapipa yote, ndoo zote za Saisi, vyote vilikuwa vimepita jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikuwa limezoea kumwona yeye tu: yeye anamfunga, yeye anapanda, yeye anatembea naye ubavuni amemkinga na kila kitu. Alikuwa amemsomesha nusu ya farasi. Nusu nyingine haijawahi hata kwenda shule.

Saisi alikuwa amekuja kutazama pia. Fundi alimgeukia.

"Mama, uliniona nazunguka upande mmoja miezi yote hiyo. Hukuniambia."

"Mimi? Mimi naingia zamu alasiri, mwanangu. Nilidhani huo mwingine unafanya asubuhi."

"Asubuhi nashona."

"Sasa ningejuaje? Mtu ana bidii namna ile, ndiyo nikamfundishe kuzunguka!"

Fundi alimrudishia Mwalimu fimbo yake. "Ahsante. Si ujeuri. Huku hajafundishwa."

"Hata kama. Ukimchapa atapita, na karatasi utapata. Kufundisha utafundisha kesho."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililouma. Fundi aliona wazi kabisa kwamba angepita. Angepita akiwa na hofu ya pazia mbele na hofu ya fimbo nyuma, na karatasi ingekuwa mfukoni. Kisha kesho saa kumi angeingia bandani, na jicho lile la kushoto, ambalo halijawahi kuona baya lolote kutoka kwake, lingekuwa limeona.

"Hiyo kesho ni mimi nitakayekuwa naye," alisema. "Mtaniwia radhi."

Akamwongoza Jivu nyuma ya banda la maji, akaanza upya, kama mwezi wa kwanza. Kitambaa mkononi, kimekunjwa kama leso, upande wa kushoto, mbali. Jivu akageuza sikio. Fundi akasubiri mpaka mdomo ulegee. Akasogea hatua moja. Akakifungua kidogo. Akasubiri. Ng'ambo ya banda walisikia majina ya farasi yakiitwa, la kwanza, la pili. Kaka alisimama mikono mfukoni, akitazama saa, kisha akaacha kutazama saa. Farasi wa nne alipoitwa, kitambaa kilikuwa kimegusa shingo. Wa sita alipokuwa anamaliza, kilikuwa kinapungwa taratibu karibu na jicho, na Jivu anakinusa.

"Huo ndio mchezo wenyewe?" kaka aliuliza. "Unasimama tu?"

"Nasimama tu."

"Mimi ningelala."

"Ndicho ninachotaka Jivu afanye."

Walipoitwa, Fundi hakuwa na matumaini makubwa, alikuwa na hesabu. Saa moja haiwezi kuwa miezi minane. Wakaingia. Kutembea: Jivu alifika pazia, akakunja shingo, akalitazama kwa jicho la kushoto, akapita akiwa amejipinda kama upinde, lakini akapita. Mchakamchaka: akapita kwa mbali kidogo na uzio. Mbio: zilianza vizuri, farasi amenyooka, na hatua tano kabla ya pazia zikamkatikia. Akashuka kwenye mchakamchaka, kisha kutembea, kisha akasimama, akipuliza. Fundi angeweza kumpiga teke la ubavu. Alimwacha atazame. Wakapita pale kwa kutembea, pole kwa pole, kama watu wanaopita msibani, kisha akasimama alipoambiwa na kurudi nyuma hatua nne zilizonyooka.

Daktari aliandika kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

"Pazia likiwa kulia kwake, amefaulu yote. Likiwa kushoto, mbio hakufanya. Siwezi kuandika amefaulu. Lakini hakukataa, alipita, kwa hiyo siwezi kuandika ameshindwa. Naandika nusu. Majaribio mengine ni baada ya miezi mitatu, utakuja kufanya upande huo tu."

Kaka na Fundi wakatazamana. Katika makubaliano yao nusu haikuwamo.

Kaka akapiga simu kwa shangazi, akaweka sauti ya nje ili kila mtu asikie.

"Shikamoo shangazi. Amepata nusu."

"Marahaba. Nusu ya nini?"

"Upande mmoja kafaulu, upande mmoja bado."

"Tulisema akishindwa aende. Kashindwa?"

"Hajashindwa."

"Akifaulu abaki. Kafaulu?"

"Hajafaulu, shangazi, ndiyo maana nakupigia!"

"Basi mkateni katikati. Wewe chukua huo upande wako uupandishe kwenye lori, na mwenzio abaki na wake. Mna farasi wa watu wawili, mnaniuliza mimi? Nina sufuria jikoni." Akakata simu.

Saisi alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Hata Mwalimu alitabasamu. Kaka hakutabasamu. Alikuwa amemkazia macho Jivu, ambaye alikuwa amelaza mdomo begani kwa Fundi na kufumba macho yote mawili.

"Mwalimu," kaka alisema, "wewe ungemchukua, upande huo ungekuchukua muda gani?"

"Kwa fimbo, wiki moja. Kwa hivi anavyofanya dada yako, miezi hiyohiyo mitatu."

"Na baada ya wiki moja yako, angesimama namna hii?"

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Angepita," alisema. "Kusimama hivi, sijui."

Kaka akakuna kichwa kwa kalamu. "Miezi mitatu," akamwambia Fundi. "Na safari hii sitaki kusikia nilidhani wala nilijua. Jumamosi asubuhi mimi siendi kazini. Nitakuja nisimame huko upande wake wa kushoto, unipe hicho kitambaa, nipunge."

"Utalala."

"Nitapunga nimelala."

Mwalimu akafunga mlango wa nyuma wa lori, lori likiwa tupu, akamuuliza kaka kama wanaondoka pamoja. Kaka aliangalia barabara, jua, na viatu vyake vya ofisini. Kisha akasema hapana, atatembea na dada yake. Hawajafika hata kwenye lango la uwanja alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili kama hakuna njia ya mkato.