Mtungi wa Kumi na Moja

Nchi ya Mchururo haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuifunua, na nimefunua nyingi. Wanaoijua husema ilikaa yote juu ya mgongo wa kilima kimoja cha mawe ya kijivu, kilichoinama mbele kama mtu aliyebebeshwa mzigo asiambiwe autue wapi. Juu kabisa palikuwa na pango, na ndani ya pango chemchemi, na hakuna aliyewahi kuifikia chemchemi hiyo akarudi na akili zote alizoingia nazo. Chini ya pango ilipangwa mitungi kumi ya udongo, kila mmoja mkubwa kama kibanda cha mlinzi, mmoja chini ya mwenzake mithili ya ngazi. Maji yalitoka pangoni yakaujaza wa kwanza, yakafurika yakaujaza wa pili, na hivyo hivyo hadi wa kumi, uliomwaga katika mitaro ya watu wa kawaida maji yaliyokwisha kuchoka, yenye ladha ya udongo na ya miguu ya wakubwa walioyaoga njiani.

Maana kando ya kila mtungi aliishi mkubwa mmoja, na ukubwa wake ulijulikana kwa ukaribu wake na pango. Wa kumi alikuwa mkubwa kidogo tu, akiruhusiwa kufoka lakini si kupiga. Wa kwanza alikuwa Liwali Gombera, mnene wa shingo na mwembamba wa huruma, aliyeitwa Mlinzi wa Chanzo ingawa tangu azaliwe hakuwahi kunyanyua ndoo, wala hakuijua ndoo inashikwa upande gani.

Wenye kazi walikuwa chini, nao walikuwa watu wa aina mbili. Upande wa kulia wa mtaro waliishi Wapimaji, watu wa kamba na bikari, walioamini kwamba kitu kisichopimika ama hakipo ama hakijatazamwa vizuri. Chemchemi waliiita Mmoja, na walifundisha kwamba inafurika kwa kuwa imeshiba mno, na aliyeshiba kiasi hicho hawezi kujizuia kutoa. Upande wa kushoto waliishi Wataji, watu wa herufi na minong'ono, walioamini kwamba dunia ilitamkwa kabla ya kuumbwa na kwamba kila mtungi una jina lake la siri. Wao chemchemi waliiita Asiye na Mwisho, na walifundisha kwamba hapo mwanzo ilijivuta nyuma, ikabana pumzi, ili ipatikane nafasi ya mitungi na ya watu. Wapimaji walicheka: asiye na mwisho atasogea aende wapi? Wataji nao walicheka: mmoja atakuwaje kumi bila ya kupungua? Walichekana hivyo miaka elfu, huku wakiazimana moto na chumvi, na watoto wa huku wakirudi nyumbani na maneno ya kule midomoni, hata wazee wakawa hawajui tena neno gani lilivuka mtaro mwaka gani.

Palikuwa na desturi moja ambayo hawakuichekea. Hakuna mtungi uliosimamishwa bila ya mikono ya pande zote mbili. Mpimaji aliuzungushia kamba yenye mafundo, Mtaji akaunong'onea jina lake udongo ukiwa bado mbichi, kisha kwenye mdomo wa mtungi likakatwa pengo la kina cha vidole vinne, ili maji yasifike ukingoni kamwe. Wapimaji walisema vidole vinne ndio uwiano sahihi. Wataji walisema ni nafasi aliyoachiwa yule aliyejivuta nyuma. Vidole vilikuwa vile vile vinne.

Siku za kisa hiki kazi hiyo ilifanywa na mume na mke. Mzee Filoti alikuwa Mpimaji, mkavu, mrefu, na kamba yake ikimning'inia shingoni hata msibani. Bi Tamasa alikuwa Mtaji, mfupi, na udongo usiotoka katika kucha. Walikuwa wameoana miaka arobaini na hawajamaliza ubishi wa siku ya kwanza.

"Vidole vinne, Tamasa. Sikusema vinne na pumzi."

"Wewe pima. Mimi namwita mwenye nafasi."

"Miaka arobaini unamwita. Amewahi kuitika?"

"Miaka arobaini nakuita wewe uje kula. Umewahi kuitika mara ya kwanza?"

Hapo mzee alikohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichokuwa kicheko chake.

Mwaka ule Liwali Gombera alichimba birika la kuogelea nyuma ya nyumba yake. Kisha akachimba la pili, la mabata. Maji ya mtungi wa kumi yakawa uzi, uzi ukawa matone, na watu wakaanza kuinua macho kutazama juu. Gombera, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, alielewa hatari ya watu kutazama juu. Akampeleka tarishi ashuke ngazi zote kumi na tangazo: maji yamepungua kwa sababu Mchururo imehifadhi wezi. Mojawapo ya makabila haya mawili liliiba elimu ya mitungi kwa lenzake, na aliyeiba elimu hashindwi kuiba maji. Lithibitike lipi lililifundisha lipi. Mwalimu atabaki. Mwizi atatoka nchini kwa lango la kaskazini, lenye vumbi mbele na vumbi nyuma ya vumbi.

Kwa siku saba watu walioazimana chumvi hawakuamkiana. Wapimaji walifukua kamba iliyooza, wakaapa kwamba mafundo yake ni ya kabla ya herufi ya kwanza. Wataji walifukua kigae chenye herufi, wakaapa ni cha kabla ya fundo la kwanza. Mbele ya baraza ilionekana kwamba kigae kilifukuliwa kikiwa kimefungwa kwa kamba ile ile, na kila upande ukapiga kelele kwamba upande wa pili ndio uliokifunga. Wakubwa wa mitungi tisa walisinzia. Gombera akaagiza waitwe wale wawili.

"Mzee Filoti," alisema, "desturi ya vidole vinne mliitoa wapi?"

Filoti alimtazama mkewe. Alikuwa na magoti mabovu, yule mama. Lango la kaskazini lisingemfikisha hata kilomita mbili.

"Tuliiba, Liwali. Mimi mwenyewe nilimwibia huyu. Kwao walikuwa nayo tangu zamani."

Upande wa Wapimaji ukaguna kama ng'ombe aliyekanyagwa. Bi Tamasa akasimama kabla hajaitwa.

"Muongo! Usimsikilize, bwana mkubwa, mume wangu hajui hata kudanganya vizuri. Mwizi mimi. Aliyenifundisha kipimo ni yeye."

"Keti chini, mwanamke," alisema mumewe.

"Keti wewe! Umepata wapi wewe akili ya kuiba? Hata kijiko ukikitaka unaniuliza kiko wapi."

Baraza zima lilicheka, na ndicho kilichowaponza, maana Gombera hakupenda kicheko asichokiagiza. Alipokwisha kusubiri kinyamaze, akahukumu. Kumbe wezi ni wote wawili. Basi Wapimaji wote watoke kwa lango la kaskazini, na Wataji wote kwa lango la kusini, wasikutane tena wakaibiana. Na kwa kuwa maji sasa hayana mwenyewe mwingine, yatakuwa ya Mlinzi wa Chanzo: ufinyangwe mtungi wa kumi na moja, mkubwa kuliko yote kumi, ukae juu ya wa kwanza, mdomo wake ufungwe kwenye pango lenyewe. Usiwe na pengo.

"Mtungi usio na pengo hausimami, Liwali," alisema Filoti.

"Pengoni ndimo maji yanamoibiwa. Vidole vinne mara kumi, mmeninyima vidole arobaini maisha yangu yote."

"Anahitaji nafasi," Bi Tamasa alisema polepole.

"Nani?"

Mama aliinua macho kuelekea pangoni. Gombera akainama mbele, sauti yake ikawa ya kirafiki. "Nifinyangieni. Ukinipendeza, nitawaacha mtoke kwa lango moja, nyinyi wawili tu. Ila kamba yako, mzee, iache kwa bawabu. Na wewe mama, sitaki manong'ono yenu katika mtungi wangu. Fanya kazi umefumba mdomo."

Mji ukahama kwa milango miwili. Wale wawili wakabaki, wakafinyanga siku ishirini na moja, mzee bila ya kamba, mkewe bila ya sauti. Walinzi waliokuwa wakiwachunga walisema hawajaona kazi ya huzuni kama ile: mzee akinyoosha mikono hewani kukisia upana, kikongwe akisogeza midomo na kuiziba kwa kiganja. Hawakubishana hata mara moja. Tanuru ilipopoa, mtungi ulitoka mwekundu, laini, mzima ukingo wote, mzuri kwa namna ya kutisha.

Ulimpendeza Gombera. Aliuzunguka mara tatu akiupapasa. Kisha akaamuru mzee apelekwe kaskazini na mama apelekwe kusini.

"Ulituahidi lango moja!" Bi Tamasa alipaza sauti.

"Nilisema ukinipendeza," alijibu Gombera. "Haujanipendeza kiasi hicho."

Filoti aliomba arudishiwe kamba yake. Alipoipata aliikata kwa meno, akamtupia mkewe nusu juu ya vichwa vya walinzi. Hilo ndilo lililokuwa agano lao.

Mtungi ulifungwa kwenye pango, na Gombera akaweka kiti chake chini yake, asikilize maji yakijaa. Inasemekana ni sauti tamu. Siku ya tatu sauti hiyo ilibadilika ikawa kama mtu anayevuta pumzi, akaendelea kuivuta, asiitoe. Adhuhuri kilima chote kilisikia ufa.

Mtungi wa kumi na moja ulipasuka na kushuka na kila kilichokuwa chini yake. Mitatu ya juu ilibaki imesimama, haijulikani kwa nini. Saba ya chini ilivunjika, pamoja na nyumba saba zilizokuwa kandoni mwake, na birika la kuogelea, na birika la mabata. Maji yaliikata nchi katikati, yakachimba korongo ambalo hadi leo halina daraja wala wa kulijenga. Vigae vilitawanyika kaskazini na kusini, kila kimoja na maji kidogo katika mbonyeo wake, vikimetameta. Baadaye kiliokotwa kigae cha kitako, na katikati yake palikuwa na mahali pembamba kama ganda la yai, upana wa vidole vinne. Wapimaji wakasema ni kosa la kukosa kamba. Wataji wakasema nafasi aliyonyimwa mdomoni aliipata miguuni. Kama ilikuwa makusudi, waliojua walikuwa wawili, na kila mmoja yuko upande wake wa korongo.

Upande wa kusini, husimulia wapitao njia, yupo kikongwe anayewagawia watu maji kwa vigae, na kila jioni hufunga fundo moja katika kipande cha kamba, yeye ambaye maisha yake yote aliyadharau mafundo. Wanaotoka kaskazini walikuwa wakisimulia habari za mzee mrefu, mkavu, aliyekuwa akikaa ukingoni mwa korongo, akinong'onea ng'ambo jina moja, kama anayeita mtu aje kula. Siku hizi wanaotoka kaskazini ni wachache, na mzee hawamtaji.

Siku moja katika foleni ya kikongwe alisimama mtu mnene wa shingo, nguo zimemchanikia mwilini, ameshika kigae chekundu kilicho laini ukingoni. Hakuna aliyemuuliza jina. Bi Tamasa alimmiminia, akateremsha kamba yake ndani ya kigae, akaacha kumimina.

"Jaza," alisema yule mtu.

"Kimejaa."

"Bado vidole vinne. Nani aliyekufundisha kipimo hiki?"

Kikongwe alitazama ng'ambo ya korongo, mahali ambapo vumbi lilikuwa limetulia.

"Mume wangu," alisema. "Haya, sogea. Wenzako nao wana kiu."