Zamu Ilipokwisha

Dada yake alipopiga simu asubuhi ile, Twiga alikuwa chini ya bawa la ndege ya mizigo, anamtazama fundi akihangaika na pampu ya mafuta. Jina hilo alibandikwa na marubani wenzake kwa urefu wake. Kuingia kwenye kiti cha kapteni ilibidi ajikunje kama jongoo.

"Mama hali yake imebadilika," dada akasema. "Daktari ametuambia tuite watoto wote."

"Mzigo wa leo unashuka huko huko kwenu. Ndege ikitengenezeka tu, jioni niko hapo."

"Usichelewe, mdogo wangu."

Pampu mpya ikaletwa mchana, kumbe siyo yake. Ikatafutwa nyingine. Twiga na rubani msaidizi, binti mchapakazi aliyeacha mtoto mchanga nyumbani, walikuwa kazini tangu alfajiri, na zamu yao ilizidi kuyoyoma hata wakiwa wamekaa tu kwenye benchi. Ndivyo sheria ilivyo: saa zikiisha hurushi ndege mpaka upumzike. Kapteni anaweza kuongeza kidogo, ila awe na hakika kwamba yeye na mwenzake wako sawasawa.

Fundi alipomaliza, saa zao zilikuwa zimeisha. Msimamizi wa safari akamfuata Twiga.

"Kapteni, nimesikia habari za mama. Ongeza muda uende. Nani atakulaumu?"

Twiga akamgeukia msaidizi. "Unajionaje?"

"Niko sawa. Twende ukamwone mama."

Wakapanda. Msaidizi akaanza kusoma hatua za ukaguzi, macho mekundu, akarudia mstari uleule bila kujitambua. Twiga akanyoosha mkono kwenye swichi aliyoizoea miaka yote, mkono ukaenda pengine. Akaurudisha mapajani. Akatazama njia ya kurukia iliyokuwa wazi mbele yake.

"Tushuke," akasema.

Akiwa hotelini alimpigia dada. "Ndege imepona. Mimi ndiye nimechoka. Hairuhusiwi nirushe mpaka nilale."

"Umechoka," dada akasema taratibu. "Na sisi tunaokesha hapa?"

Dada akamwekea mama simu sikioni. Twiga akasema yaliyomjia: kwamba anakuja, kwamba ni yeye, yule wa mwisho. Kutoka upande wa pili alisikia pumzi tu, nzito, inakwenda na kurudi.

Akavuta mapazia. Alidhani hatapata hata lepe la usingizi, lakini mwili haukumsikiliza, alilala fofofo. Twiga akiwa humo humo usingizini, mama akakata roho. Alipoamka, simu ilikuwa imejaa majina ya ndugu waliomtafuta.

Waliondoka kesho yake, wakatua salama. Nyumbani uani watu walikuwa wamejaa. Dada akampokea begi bila kumtazama.

"Wa basi wamefika," akasema, "wa miguu wamefika. Mwenye ndege ndiye kachelewa."

Shangazi mmoja akaguna. Twiga akainama, akaingia ndani.

Baada ya mazishi dada hakupokea tena simu zake. Twiga akaomba apangiwe njia nyingine isiyofika kwao, akapewa. Kazini alikuwa anaongea kidogo kuliko zamani, na msaidizi wake hakujua amwambie nini.

Mvua zilikuwa zimeshapita dada alipomwita aje wapange vitu vya mama. Walikaa kitandani, wanakunja nguo. Ghafla dada akauliza, "Siku ile, ungeweza kuirusha?"

"Kuirusha ningeweza. Kuitua ndiko sikuwa na hakika. Na yule binti ana mama yake pia."

Dada akakunja sweta moja, akalifungua, akalikunja upya.

"Mama alikuwa anageukia mlango kila ukifunguliwa," akasema. "Sikutaka kukwambia."

"Niambie," Twiga akasema.

Ndipo akamsimulia yote, tangu ile simu hadi mwisho, na Twiga akasikiliza, machozi yakimtiririka, bila kumkatiza.