Jumatano ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa na siku moja tu ya kupumzika, Jumatatu, na Makumbusho ya Taifa nayo yalikuwa na siku moja tu ya kufunga milango, Jumatatu hiyohiyo. Ndiyo maana mtu aliweza kuishi mwendo wa dakika arobaini kwa basi kutoka penye historia yote ya nchi yake, asipakanyage kwa miaka thelathini na moja.

Na aliahidi mwenyewe. Enzi za uchumba alimwambia mkewe, wakati huo akisomea ukunga, "Tukioana, matembezi yetu ya kwanza ni makumbusho." Mama huyo alikuwa na hamu yake ya siku nyingi. Alipokuwa darasa la sita shule yao ilipelekwa huko, yeye akabaki kitandani na surua. Wenzake waliporudi walibishana mwezi mzima juu ya kiti cha enzi cha mfalme wa kale: nusu ya darasa waliapa ni kidogo kama cha chekechea, nusu wakaapa kinatosha watu wawili. Yeye peke yake ndiye aliyekosa upande wa kugombania.

Ahadi ni deni, walisema wahenga, ila hawakusema linalipwa siku gani ya juma.

Sasa mkunga alikuwa amestaafu, huu mwezi wa pili. Jumatatu moja, vyombo vya mchana vikiwa bado mezani, aliweka daftari mbele ya mumewe. Kila kitu kilikuwa kimepangwa humo: basi la kupanda, milango inafunguliwa saa tatu, mapumziko saa saba uani chini ya kivuli, mkate na chupa ya maji. Juu kabisa aliandika JUMATANO.

"Jumatano?" Kinyozi aliuliza kama aliyetajiwa siku ya kung'olewa jino. "Na saluni?"

"Saluni haina miguu. Utaikuta."

"Wateja wanayo. Watavuka barabara."

Ng'ambo ya barabara kijana mmoja alikuwa amefungua saluni yenye kiti cha kuzunguka na taa za rangi. Mara ya mwisho Kinyozi kufunga siku ya kazi ilikuwa harusi ya binti yao, na wateja watatu walivuka. Mmoja alirudi, nywele zimechongwa upande kama paa lililopigwa na upepo. Wawili hawakurudi.

"Sikiliza, baba watoto," mkewe alisema. "Nimezalisha watu miaka thelathini, na sijamwambia mtoto hata mmoja asubiri Jumatatu. Jumatano nakwenda. Ukija, tunakwenda wawili kama ulivyosema. Usipokuja, nakwenda peke yangu, na nikirudi usiniulize nimeona nini."

Hapo alimpata. Habari zote za mtaa zilipita kwenye kiti cha Kinyozi. Iweje nyumbani kwake ilale habari asiyoruhusiwa kuiuliza? Halafu akamwona mkewe, katika mawazo tu, akipanda basi peke yake na mkoba wake.

"Tunakwenda," akasema.

Jumanne aliwatangazia watu wa benchi. Hao ni wale waliokuja kila siku, wawe na nywele au wasiwe nazo. Mwalimu mstaafu, kwa mfano, alikuwa na kichwa kama yai na alifuata gazeti tu. Aliyekuwa kitini muda huo ni fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeitwa Cheche.

"Kesho sifungui," Kinyozi alisema huku akimnyoa kisogo. "Nampeleka mama watoto makumbusho."

Mwalimu akakunja gazeti. "Nimepeleka watoto pale mara kumi na moja na sikupoteza hata mmoja. Nyie mtapotea. Nitawaongoza."

"Mimi nina pikapu," Cheche akasema, kidevu kifuani. "Shemeji atakaa mbele."

"Usitikise kichwa, nitakukata sikio."

"Kata, lakini nakuja."

Muuza viatu wa mlango wa pili alisikia kupitia ukutani, akapiga kelele asiachwe. Kufika saa kumi jioni wamekuwa saba, na Kinyozi roho yake kwatu. Wateja saba ndani ya pikapu ni wateja saba ambao hawatavuka barabara! Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Alimkuta mkewe anapiga pasi gauni, akamwaga habari yote. Mkewe alipitisha pasi kwenye mkono wa gauni ambao ulikwisha kunyooka zamani.

"Saba," akasema.

"Na Mwalimu anatuongoza!"

"Hongereni. Nyie pandeni pikapu. Mimi nitapanda basi."

"Basi la nini, na nafasi ya mbele ni yako?"

"Benchi lako nalijua, mume wangu. Nimeliletea chai miaka kumi na tisa." Akatundika gauni, akaenda uani kuanua nguo.

Kinyozi alibaki na pasi ya moto. Hakuwa mjinga, alikuwa mzito wa kuelewa tu. Aliizima, akakaa. Tangu astaafu, mkewe angeweza kwenda siku yoyote, akashinda huko mpaka milango ifungwe. Hakwenda. Alikuwa anamngoja mtu, na mtu mwenyewe amemletea kijiji.

Asubuhi aliondoka mapema kuwahi saluni, na njiani akatunga uongo: mama watoto ameamka na homa. Ulikuwa uongo mzuri mpaka kwenye kona ya duka la dawa. Hapo akauona mwisho wake. Benchi likiambiwa shemeji mgonjwa haliendi makwao. Linakuja kumjulia hali, watu saba na mfuko wa machungwa, na linamkuta mgonjwa kavaa gauni la pasi anawahi basi.

Walikuwa wamefika wote. Cheche ametandika mkeka nyuma ya pikapu. Mwalimu amenyoosha suruali hadi mkunjo wake ungeweza kunyolea ndevu, na shingoni amevaa filimbi.

"Jamani," Kinyozi akasema. "Leo hamji."

"Kulikoni?"

"Nataka kwenda na mke wangu. Wawili."

Wakatazamana. Mtu mwenye miaka sitini na miwili na wajukuu wanne!

"Wawili," Cheche akarudia taratibu. "Kama wachumba."

"Kama wachumba."

"Mtashikana mikono?"

"Akitaka."

Kicheko kilicholipuka kilimtoa yule kijana wa ng'ambo mlangoni kwake. Walimcheka mpaka wakafuta machozi, wakamwita bwana harusi, na muuza viatu akaleta burashi akamng'arishia viatu palepale, Kinyozi kasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mwalimu peke yake ndiye hakucheka sana. Alikuwa anaizungusha filimbi kidoleni.

"Anzeni ghorofani," akasema hatimaye. "Watu wote huanza chini, wakifika juu wamechoka, kila kitu wanaona mkuki."

"Asante, Mwalimu. Wiki ijayo wewe utaliongoza benchi zima."

"Alhamisi," Mwalimu akadakia, uso umechangamka. "Jumatano ijayo nina kliniki."

"Na wenye nywele leo?" Cheche akauliza.

Kinyozi alitazama ng'ambo. Kile kiti cha kuzunguka kilikuwa kinazunguka kitupu, kijana anakifuta vumbi.

"Wavuke," akasema. "Nywele zitaota tena."

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa mlangoni, mkoba begani, ufunguo mkononi.

"Benchi liko wapi?"

"Nimeliacha limekaa."

Mkewe alimtazama kuanzia usoni mpaka kwenye viatu vinavyometameta, akarudi usoni. "Umewaambia nini?"

"Ukweli."

"Wakasemaje?"

"Wamenicheka."

"Wana haki," akasema, na yeye mwenyewe akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika, mpaka ufunguo ukakosa tundu mara mbili. Kinyozi akauchukua, akafunga mlango.

Barabarani alianza kukaza mwendo, kama afanyavyo kila asubuhi akiwahi kazini. Mkewe alipitisha mkono kwapani kwa mumewe, akamvuta nyuma.

"Taratibu, baba watoto. Hawafungui mpaka saa tatu."

"Sasa hivi ni saa mbili na robo."

"Naam," mkewe akasema. "Tuna muda."