Kompresa ya Watu Wawili

Madereva wa malori walimpachika yule fundi jina la Kiganja, na jina likamganda kama grisi. Lilitokana na namna yake ya kufanya kazi. Mafundi wengine wakiitwa kwenye lori lililokwama huuliza maswali chungu nzima, hutega sikio, huamuru injini iwashwe, izimwe, iwashwe tena. Yeye hakuuliza kitu. Aliweka kiganja kwenye injini, au kwenye bomba la breki, au ubavuni mwa tairi, akafumba macho kidogo, kisha akaenda moja kwa moja penye ugonjwa. Hata upepo ukivuja hakuutafuta kwa sikio kama binadamu wenzake. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, kimoja baada ya kingine, mpaka mahali fulani povu litokote. Madereva wakasifu: fundi mwenye subira kama huyu mtamtoa wapi?

Mkewe alikuwa na sifa nyingine za kumpa, na si za kusemwa mbele za watu.

Mkewe ndiye aliyeendesha pikapu yao ya ufundi, ile waliyokuwa wakiifuata nayo mitambo iliyoharibika njiani, na kwa hiyo madereva walimwita Mama Usukani. Alipokea simu zote, maana mumewe alisema simu zinampotezea muda. Alijua kila kona ya barabara kuu. Wakifika kwenye lori, Kiganja alishuka akaenda nyuma kwenye kompresa yao kuukuu, akavuta kamba, na ile mashine ikaanza kunguruma. Mama Usukani alibaki kwenye kiti chake, akapandisha kioo cha dirisha kwa sababu ya kelele, akamsubiri.

Aliolewa na mtu wa maneno, wallahi. Kijana aliyeweza kuchekesha msiba. Lakini miaka hii ya karibuni yule mtu alikuwa kama amehama, akaacha mwili tu nyumbani. Mama Usukani akisimama jikoni, uso kwenye jiko, akimsimulia habari za siku nzima, nyuma yake mumewe alikula kimya. Wakiwa njiani, macho yake barabarani, alimuuliza habari za watoto walio mbali, na yule bwana alitazama nje ya dirisha kama abiria aliyepewa lifti. Akimgeukia, alimwona anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mgeni asiyejua wenyeji wanacheka nini.

"Ametia pamba masikioni huyo," dada yake alimwambia. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mdogo wangu. Usingoje huo mshindo. Chumba kipo kwangu, njoo."

Yakamfika shingoni. Siku moja wakirudi kutoka kazini, mikono ikiwa kwenye usukani na machozi yakimtiririka, alisema, "Mimi nimechoka. Niambie neno lolote, hata la kunitukana. Kama huna la kuniambia, nitaenda kukaa kwa dada yangu." Kiganja aligeuka akamtazama, akayaona yale machozi, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akageukia dirisha. Mama Usukani akajua amejibiwa. Wiki ileile alifunga begi lake, akalificha nyuma ya kiti cha pikapu, chini ya turubai.

Hakuondoka mara moja, na sababu ilikuwa ile kompresa. Tangi lake lilikwisha oza kwa kutu, na tairi moja la lori lilichukua muda wa kupika maharage. Aliona si ubinadamu kumwachia mtu mashine mfu. Hasira alikuwa nayo, ila moyo wake haukuwa mbaya. Amnunulie kompresa nzuri, ya kuiendesha mwenyewe bila kumtegemea mtu, kisha aende zake kwa amani.

Ndivyo walivyojikuta dukani asubuhi hiyo. Muuzaji alikuwa bwana mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Aliwahi kukwama njiani wakamwokoa wao, na tangu hapo Kiganja akawa ndugu yake, na Mama Usukani akawa shemeji.

"Shemeji, kompresa ya kufunga kwenye gari haichaguliwi kwa rangi," alianza. "Mnajaza matairi ya nini?"

"Ya malori. Na ile spana ya upepo ya kufungulia nati, nayo inakula upepo kweli."

"Basi hii ndogo ya betri tuiache ilale. Inafaa gari dogo. Kwa lori mtazeeka mkiingojea. Zimebaki mbili." Akapiga kofi tangi la mashine nyekundu. "Hii ina injini yake ya petroli. Unaifunga nyuma kama ile yenu, unavuta kamba, kazi inaanza. Mtu mmoja anatosha. Nzito, na kelele inazo." Akaonyesha nyingine iliyokuwa juu ya meza, ndogo na imara, haina tangi wala injini. "Hii inafungwa chini ya gari, inazungushwa na injini ya gari lenyewe kupitia giaboksi. Tangi lake linabanwa chini kule kule, kwa hiyo nyuma mnabaki na nafasi. Upepo mwingi, kelele kidogo. Ila kwa gari la siku nyingi kama lenu, lazima mtu akae kwenye usukani, aongeze na kupunguza mafuta kadiri fundi anavyotumia upepo. Hii ni kompresa ya watu wawili."

"Tunachukua ya petroli," Mama Usukani alisema haraka.

Muuzaji alimtazama juu ya miwani. "Si wewe unayekaa kwenye usukani kila siku?"

"Ya kesho nani anayajua?"

Kiganja hakuwa nao. Alikuwa ameshazunguka mashine zote, akizigusa, akichungulia chini yake, na sasa alisimama kando ya ile nyekundu, akainyooshea kidole. Alitaka hiyohiyo. Mama Usukani alipaswa kufurahi kwamba wamekubaliana bila ubishi. Badala yake kitu kilimchoma. Kumbe na yeye ameshajipanga kuishi peke yake!

"Sawa, tuijaribu," muuzaji alisema. "Ila mnivumilie, hii ya maonyesho ina bomba la moshi tupu. Kile kizuia kelele chake alikichukua mteja." Akavuta kamba.

Mlio uliotoka hapo haukuwa wa kistaarabu. Vioo vya dirisha vilitetemeka, karani akatoka mbio na kikombe chake cha chai, na muuzaji mwenyewe akaziba masikio kwa viganja viwili. Mama Usukani alijikunja kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kiganja alikuwa ameinama juu ya mashine, mkono mmoja kwenye tangi, shavu karibu kabisa na lile bomba, ametulia kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama anayehesabu mapigo ya mashine. Muuzaji akaizima mashine.

"Unasemaje, fundi?"

Kiganja alimtazama usoni. "Nasema hii imepoa. Haina kelele kama ile yetu."

Muuzaji alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Una mizaha wewe, ndugu yangu!" Na Kiganja, alipomwona mwenzake anacheka, naye akacheka.

Kile kicheko Mama Usukani alikifahamu. Lilikuwa ni lile tabasamu la mgeni, limeongezwa sauti tu. Mumewe alikuwa amekwisha chuchumaa, amewapa kisogo, anakagua boliti za kufungia. Mama Usukani alisogea hatua chache nyuma yake.

"Baba watoto," aliita.

Kiganja alihamia boliti ya pili.

"Baba watoto, begi langu liko nyuma ya kiti. Nakuacha."

Mgongo wa Kiganja haukutikisika. Aliendelea kupapasa boliti, taratibu. Muuzaji aliacha kucheka, akaanza kuifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Mama Usukani alishika meza. Alilikumbuka jiko, na jinsi alivyosimama kila jioni akiliambia jiko. Alikumbuka barabara, na maneno yote aliyoyasemea kioo cha mbele. Povu la sabuni. Simu zinazopoteza muda. Kiganja chenyewe, kile walichokisifu nchi nzima! Na zaidi ya yote ilimjia ile kompresa yao kuukuu, mumewe kasimama kando yake jua na mvua, huku yeye ndani ya gari, miaka nenda miaka rudi, akipandisha kioo.

Alizunguka akachuchumaa mbele ya mumewe, penye mwanga, wakawa uso kwa uso.

"Husikii," alimwambia polepole.

Kiganja alimtazama mdomo. Tabasamu lilikuja, likakosa pa kukaa, likaondoka.

"Nasikia kidogo," alisema. "Sauti nene nene. Upepo ukivuja siusikii tena. Na sauti yako nyembamba, mke wangu. Yako ilitangulia kupotea."

"Na ukanyamaza? Mficha maradhi kifo humuumbua, hukufundishwa?"

"Nani atamwita fundi kiziwi? Dereva akiniambia breki inalia, mimi nitasikia nini?"

"Mimi si dereva wa lori! Mimi ni mkeo!"

Kiganja aliinamisha kichwa, na mkewe akamwinua kidevu kwa kidole ili amwone anapoongea. Yule bwana akayatoa yote kwa mkupuo, kama tangi lililofunguliwa. Kwamba kwenye harusi ya mtoto wao alimjibu shemeji yake kombo, ukumbi ukacheka, na tangu hapo akaona heri anyamaze kuliko kuchekwa. Kwamba jikoni aliona mabega ya mkewe yanacheza, akajua anaongea, akaogopa kumwambia rudia, maana angerudia leo na kesho na siku zote mpaka achoke naye.

"Na siku ile njiani ulikuwa unalia," alisema. "Ulisema kitu. Niliuona mdomo, lakini kwa upande, sikuushika. Nikataka kuuliza, nikaona haya. Kisha nikaliona begi chini ya turubai, nikajua umeshachoka nami. Ndiyo maana nimeichagua hii. Hii mtu mmoja anaiweza."

Mama Usukani alilia pale pale sakafuni, kati ya mitungi na mipira ya upepo, bila kujali nani anamwona. Alimhurumia mumewe, alijihurumia mwenyewe, na kusema kweli alikuwa na hasira pia, maana upumbavu wa watu wawili wanaopendana hauna kipimo.

"Ulisema nini siku ile?" Kiganja aliuliza.

Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. Alihakikisha mwanga unampiga usoni. "Nilisema niambie neno. Kama huna la kuniambia, nitaondoka."

"Neno gani?"

"Lolote."

Kiganja alivuta pumzi.

"USIENDE!"

Alilisema kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde. Vioo vilitetemeka mara ya pili siku hiyo. Karani aliyekuwa nje aliingiza kichwa mlangoni kuuliza nani haendi wapi, muuzaji akamfukuza kwa mkono. Mama Usukani alianza kucheka huku machozi bado yanashuka, na safari hii Kiganja alipocheka, alijua anachokicheka.

"Basi, shemeji," muuzaji alisema, akijikohoza, "nifunge ipi?"

"Ile ya chini ya gari. Na vile vizuizi vya kukinga masikio na kelele, nipe jozi mbili. Usikivu kidogo aliobakiwa nao sikubali uondoke. Na kesho hatupokei kazi mpaka daktari wa masikio amwone." Kisha akakumbuka, akamgeukia mumewe, akayarudia yote mbele ya macho yake, neno kwa neno. Kiganja alitaka kubisha kuhusu daktari. Aliutazama uso ule, akaacha.

Kuifunga kulichukua sehemu kubwa ya siku. Mafundi wa duka walihitaji kutoa kiti ili wafike kwenye giaboksi, begi likaonekana. Kiganja alilichukua mwenyewe, akakaa nalo mapajani kwenye benchi mpaka kazi ilipoisha, na aliyejitolea kumpokea alikataliwa. Mtu mzima na ndevu zake, kakumbatia begi la nguo za kike.

Jua lilipoanza kupungua, pikapu ilikuwa tayari uani, na tairi moja tupu la lori limelazwa nyuma yake kwa majaribio. Mama Usukani aliingia kwenye usukani, akawasha, akavuta mkono mpya wa kuwashia kompresa, na chini ya miguu yake mashine ikaanza kuvuma kwa adabu. Kule nyuma mumewe alikuwa ameshika mpira wa upepo kwa mkono mmoja, kiganja cha pili kimelala kwenye bodi ya gari.

Mkono wa Mama Usukani ulikwenda kwenye kioo cha dirisha kwa mazoea, kukipandisha. Aliurudisha, akakishusha mpaka mwisho. Akageuza kioo cha pembeni, huku na huku, mpaka akamwona mumewe usoni na mumewe akamwona yeye.

"Upepo unatosha?" aliuliza.

"Ongeza kidogo," Kiganja alijibu.