Fimbo Iliyochovywa Mara Mbili

Pale karakana walimwita Chovya, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kuvivika vyuma plastiki: vishikio vya koleo, kulabu za kutundikia mizigo, rafu za friji. Chuma kinasafishwa, kinapakwa praima, yaani ile dawa ya kushikisha, kinaingia tanurini mpaka kipate moto barabara, kisha kinazamishwa polepole kwenye tangi la plastiki ya maji, nzito kama uji. Ule uji ukikutana na joto, unaganda juu ya chuma. Kinatolewa bila pupa, kinarudishwa tanurini kikaiva, na mwisho wake ni koti laini ambalo kutu hailigusi wala baridi hailipenyi. Nyumbani mkewe alikuwa akimcheka, maana hata mkate aliuchovya kwenye chai namna hiyohiyo, taratibu, akiutoa wima ili usidondoshe tone.

Mama mkwe peke yake ndiye hakucheka. Si kwamba alikuwa mkali, la. Alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, fundi chuma, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu kiasi cha kuona mwanga na vivuli tu. Aliitikia shikamoo ya Chovya, akashukuru kwa chakula, basi, kimya. Chovya hakumjua mama yake mzazi, na kimya kile kilimchoma. Alitaka yule mama ampende. Ndivyo ilivyokuwa, na mtu mzima kutaka kupendwa si dhambi.

Asubuhi moja ya baridi alimkuta sebuleni akihangaika na fimbo yake. Ilikuwa ya bomba la chuma, mumewe aliitengeneza kwa mkono wake mwenyewe magoti ya mkewe yalipoanza kugoma. Viungo vya vidole vya mama vilikuwa vimevimba, na kila aliposhika kile chuma baridi uso wake ulikunjamana. Alihamisha fimbo mkono huu, akaupuliza ule mwingine kwa pumzi.

"Nafasi ndiyo hii," Chovya akajiambia.

Kesho yake mama alikuwa bado amelala Chovya alipoichukua fimbo, akamwachia mpini wa fagio pembeni mwa kitanda. Saa ya mapumziko, wenzake walipokwenda kula, aliipeleka penye tanuri na kuikagua. Pale kidole gumba kinapokaa palikuwa na vishimo vinne, vimepangana mstari mmoja. Chovya akatikisa kichwa kwa huruma. Maskini mzee wa watu, nyundo ilimponyoka mara nne!

Mkosi ukamkuta papo hapo. Kabati la praima lilikuwa limefungwa, na mtunza stoo alikuwa ameondoka na ufunguo. Bila praima, plastiki haishikamani na chuma. Inakikumbatia tu, na siku ikichanika inavuka kama soksi. Kumfanyia mama mkwe kazi ya kulipua! Chovya alijionea haya, lakini fimbo ilitakiwa irudi nyumbani jioni ileile, na mama alikuwa akizungukazunguka na mpini wa fagio. Akachovya hivyohivyo. Ilipotoka, vishimo vilikuwa bado vinaonekana, na mchovyaji anayejiheshimu haachi kovu. Akaipasha moto tena, akaichovya mara ya pili. Safari hii kishikio kilitoka chekundu, kinene, laini, hata inzi angeteleza.

Njia nzima alitabasamu kama mjinga.

Mama alikuwa kitini dirishani. Chovya akapiga magoti, akamwekea fimbo mkononi. "Mama, nimekuletea fimbo yako. Nimeivika nguo. Haitakuumiza tena."

Kiganja kikafumba, na kweli uso haukukunjamana. Kisha kidole gumba kikaanza kutembea. Kikaenda juu, kikarudi chini, kikazunguka kishikio chote, kikarudi tena palepale.

"Mkwe," akasema mama, kwa sauti ndogo sana. "Wako wapi watoto wangu?"

Chovya hakuelewa. Mkewe alikuwa ametoka jikoni, mikono bado inachuruzika maji, na alipoiona ile rangi nyekundu alisimama kama aliyegonga ukuta.

"Umefanya nini, mume wangu? Umefunika vile vishimo?"

"Si vilikuwa kasoro?"

"Kasoro! Baba alitugonga sisi pale. Kila mtoto na chake. Kaka zangu wawili, mimi, na yule aliyenitangulia." Akashusha sauti. "Yule aliondoka kabla hajatambaa. Hatuna picha yake, na hata kaburi lake barabara ilipita juu. Amebaki pale tu."

Chovya alimgeukia mama akitegemea matusi, na laiti angetukanwa. Mama aliilaza fimbo mapajani, akaipapasa.

"Umetenda kwa wema," akasema. "Mimi sina neno."

Hilo ndilo lililomvunja. Chovya akainamisha kichwa, machozi yakamtoka mbele ya mama mkwe, na hakujali. Alikuwa ameua mara ya pili mtoto ambaye hakuwahi hata kumjua. Na asivyo na haraka katika mambo yake, ilimchukua muda kukumbuka ufunguo wa mtunza stoo.

"Praima!" akaruka. "Sikupaka praima!"

"Sasa hayo ya praima yanatusaidia nini?" mkewe akauliza.

"Haijashika! Nipe wembe!"

Tangu aanze kazi hakuwahi kuishukuru kazi ya ovyo kama siku ile. Alikaa sakafuni miguuni pa mama, akachana plastiki upande wa chini, mbali na vishimo, kidogo kidogo, akiogopa hata kupumua. Koti likaachia, likavuka zima. Ndani yake, pale lilipolalia chuma, palikuwa na vijinundu vinne, vidogo kama mbegu.

Mama alinyoosha mkono kabla hajaambiwa.

"Huyu mkubwa," akasema, kidole kikigusa. "Huyu mdogo wake, mtundu." Kikasogea kishimo cha tatu, kikakaa hapo muda mrefu. "Huyu alikuwa mcheshi, we acha tu. Akicheka anashikwa na kwikwi, na kwikwi yenyewe inamchekesha tena." Akacheka mwenyewe, na mashavu yalikuwa yamelowa. Kisha akatafuta mkono wa Chovya gizani mwake, akaukuta, akakichukua kidole chake na kukiweka kwenye kishimo cha nne. "Na huyu ndiye uliyenichukulia."

Mama hakuwahi kumgusa kabla ya siku ile. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Nitaivika tena sehemu nyingine, mama," Chovya akasema. "Hapa nitapafunga kwa utepe plastiki isishike, pabaki wazi. Na safari hii nitapaka praima."

"Utaivika. Lakini kwanza kalete nyundo. Ile ya mume wangu, iko sandukuni."

Mke na mume wakatazamana.

"Ya nini, mama?" Chovya akauliza.

"Niko nyumbani humu mwaka mzima, nakusikia tu unapita. Nikiamka usiku nikawahesabu wanangu, wewe sikukuti. Gonga."

"Mama, mimi si fundi wa nyundo. Mimi kazi yangu kuchovya."

"Nimekwambia gonga."

Mkewe akaishikilia fimbo juu ya kizingiti cha mlango. Chovya akainua nyundo ya mkwewe, akapiga mara moja. Kishimo kikaingia upande, nje kabisa ya mstari, kimepinda kama mdomo wa mtu anayenuna. Alitamani ardhi immeze.

Mama akapewa fimbo. Kidole kikapita kwa wote wanne, kisha kikaanza kupapasa.

"Umekwenda mbali," akasema.

"Nisamehe, mama."

Akakinyoosha kidole, kiungo kilichovimba kikalia, akakisukuma zaidi mpaka kikatumbukia.

"Si neno," akasema. "Kinafika."