Ukoko wa Arobaini

Mwinyihaji alipofariki, habari zilifika Kongowea kabla maji ya kumwosha hayajachotwa. Ndivyo Kisauni ilivyokuwa mwaka ule wa tisini na mbili. Simu zilikuwa za kutafuta, midomo ilikuwa ya kumwaga, na Mwinyihaji alikuwa mtu wa kusemwa. Harusi gani kuanzia Mlaleo hadi Bombolulu ambayo hakuipikia pilau? Alipika kwa samli, samli tupu. Aliyemletea mafuta ya mkebe alirudishiwa mkebe wake mlangoni, akaambiwa akakaangie viazi.

Na kila alipotoka kupika alimletea mkewe ukoko, ule wali mkavu unaoshika chini ya sufuria, umefungwa kwa jani la mgomba. Johari aliutafuna taratibu, kisha akatoa hukumu: samli hii ya Lamu, hii ya Garissa, na hii imechanganywa na mtu asiyemwogopa Mungu. Hakukosea. Wapishi wenziwe Mwinyihaji walikuwa wakisema kwamba kadhi ana kitabu chake na wao wana ulimi wa Johari.

Sasa Johari alikuwa edani, katika chumba cha ndani, nyuma ya pazia la maua ya manjano. Wanawake walikuja kumpa pole, akawaitikia. Walilia, akawapa leso wajifute. Yeye hakulia. Barke, dadake marehemu, mwanamke ambaye nyumba isiyo na wageni aliiona kama kaburi, aliwaambia watu kuwa wifi yake ameganda na arobaini ikifika atayeyuka. Johari alimsikia kutoka kule ndani na hakuona kitu cha kuyeyuka. Alikula kwa sababu sahani ilikuwa imewekwa mbele yake. Chakula kilikuwa kama karatasi iliyoloweshwa. Alitafuna, akameza, akarudisha sahani.

Basi ndipo ukaja ule uvumi wa nguruwe.

Kule Changamwe kulikuwa na kiwanda cha mafuta ya kupikia yaliyoitwa Shada, yale ya mkebe mwekundu wenye ua. Khamis, mwana wa pekee wa Johari, alikuwa kibarua wa kupakia malori pale. Nani alianza kusema kwamba Shada ina mafuta ya nguruwe, hajulikani hadi leo. Wengine walimtaja dereva mmoja aliyekunywa chai Magongo akaropokwa. Wengine walisema ni mwanamke wa Likoni aliyefungua mkebe akakuta unywele. Ijumaa ya kwanza ulikuwa unywele. Ijumaa iliyofuata ulikuwa mkia, na mkia huo ulikuwa umeonwa kwa macho na shangazi wa mtu ambaye kila mtu alimjua.

Kiwandani kulikuwa na bwana mmoja wa matangazo, Gershom, mtu wa Voi, mpole, shati lake limepigwa pasi hata kwenye makwapa. Yeye alitoa gari lenye vipaza sauti lipite mitaani likitangaza kwamba mafuta ya Shada hayana nguruwe. Miezi ile magari ya vipaza sauti yalikuwa ya wanasiasa wa vyama vipya, kwa hivyo watu walitoka nje wapate kusikiliza, na ambaye hakuwa amesikia habari za nguruwe alizisikia siku hiyo, tena kutoka kwa wenye kiwanda. Watoto wa Mlaleo walilikimbilia gari nyuma wakikoroma. Wenye maduka waliiteremsha mikebe chini ya meza. Vibarua wakaanza kupunguzwa. Khamis akawa anakwenda kusimama langoni alfajiri na kurudi kabla ya adhuhuri, anakaa barazani bila kuvua viatu.

Barke ndiye aliyemfundisha Gershom kazi. Alimwambia Khamis amlete huyo bwana wake, akampa chai na mahamri, akamweleza kwamba Kisauni haiamini gari, inaamini sufuria. Masheikh wakila kitu mbele za watu, nani tena atauliza? Na hitima ya arobaini ya Mwinyihaji, mpishi aliyekataa kila mafuta isipokuwa samli, ilikuwa inakuja.

Gershom akawekewa kiti sebuleni, akazungumza na pazia.

Aliomba radhi kwanza, kisha akasema yaliyomleta. Kiwanda kingetoa mchele, ng'ombe, viungo na maturubai. Pilau ipikwe kwa Shada, na mikebe ifunguliwe uani, watu wakiona. Khamis angeandikwa kazi ya kudumu. Mafuta yenyewe, akasema, ni ya mawese, hayana lingine. Khamis, aliyeyabingirisha mapipa hayo kwa mikono yake, akasema ni kweli.

Johari alijua ni kweli. Uongo haukuwemo. Kilichokuwemo ni hitima ya mumewe, ambayo ilikuwa kitu cha mwisho cha marehemu mwenyewe duniani, na mkebe uliokuwa ukirudishwa mlangoni. Alijua kwamba hapa mtu hukasirika. Akaitafuta ile hasira kama mtu anavyopapasa ufunguo ukutani mahali unapotundikwa siku zote, akakuta msumari tu. Kule nje alimsikia mwanawe akikohoa, kikohozi cha mtu asiyetaka kuomba.

"Mama Khamis," akasema Gershom, "hata ukisema hapana, nitaipokea kwa heshima."

Hapana ingetaka maelezo.

"Haya," akasema Johari.

Wapishi wa Kisauni wana desturi yao. Akifa mmoja wao, wenziwe humpikia arobaini yake bila ujira, na kila mmoja huja na samli yake. Siku ilipofika, Jumaa, aliyeshika mwiko kwa mara ya kwanza mkononi mwa Mwinyihaji, aliingia uani na ndoo ya samli kichwani na wenziwe nyuma yake, akakuta mikebe myekundu imepangwa karibu na meko kama maharusi waliongoja kutazamwa. Barke ndiye aliyeipanga, na alikuwa ameifuta vumbi mmoja mmoja.

Jumaa hakugomba. Aliiweka ndoo chini, akavuka sebule, akasimama mbele ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna mikebe uani."

"Naijua."

"Mwalimu wangu tumpikie kwa mkebe? Mama, niseme nini kwa wale walioko nje? Sema wewe neno nitalichukua."

Johari aliona vidole vya miguu yake chini ya pazia, vyeusi kwa masizi ya miaka. Mwinyihaji alikuwa na vidole kama hivyo. Alivitazama kama anavyotazama mtu vidole vyovyote.

"Pika, Jumaa," akasema. "Khamis ataandikwa kazi."

Vile vidole vilikaa pale kidogo, kisha vikageuka.

Watu walikuja wakafurika hadi barabarani. Walikuja wa hitima na walikuja wa kutazama mikebe, na ni vigumu kusema wepi walizidi. Gershom alisimama pembeni mikono nyuma, amevua viatu kama walivyovua wenziwe. Maalim aliposoma dua alimtaja Mwinyihaji bin Mbwana, akawaombea na waliosaidia shughuli, na hapo vichwa vingi viligeuka kuangalia meko. Kisha sinia zikashuka. Maalim akatia tonge la kwanza kinywani, na uwanja mzima ulimtazama akitafuna. Alipomeza, mikono yote ikaingia siniani. Uvumi uliozunguka mji mzima ulikufa pale, baina ya tonge na kachumbari.

Jioni, sufuria zikisuguliwa, Jumaa alirudi kwenye pazia, akapitisha chini yake majani mawili ya mgomba yaliyofungwa.

"Moja limetoka kwenye masufuria makubwa," akasema. "La pili tulipika wenyewe nyuma ya nyumba, kisufuria kidogo, kwa samli yetu. Huo ndio ukoko wa mwalimu. Sikwambii ni lipi, mama. Wewe utajua."

Akaenda zake kabla hajajibiwa. Hakuwa na wasiwasi.

Barke alikuwa mle chumbani, amenyoosha miguu, anajipepea na ncha ya leso. Johari akafungua jani la kwanza, akatafuna. Akafungua la pili, akatafuna. Ulikuwa mgumu, ukalainika, ukapita. Akarudia la kwanza.

"Ehe, wifi?" akauliza Barke. "Upi wa kaka?"

Johari alisukuma mojawapo mbele kidogo. "Huu."

Barke akamega, akaonja, akamtazama wifi yake, akaonja na ule wa pili.

"Huo ni Shada, wifi."

"Basi ni huo mwingine."

"Wewe? Wewe umekosea?" Barke alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Baada ya muda akainuka na kusema anakwenda kuangalia maturubai.

Barke hakuwa mtu mbaya. Neno lilikuwa halikai kwake, kama maji yasivyokaa kwenye pakacha. Hilo alimwambia mtu mmoja tu, tena kwa kumhurumia Johari, jinsi majonzi yalivyomharibu. Lakini huyo mmoja naye alimwambia mmoja, na huruma ndiyo iliyodondoka njiani kwanza. Lilipofika Kongowea lilikuwa limebaki fupi na zuri: Shada ni tamu hata ulimi wa Johari umeshindwa kuipambanua na samli. Gershom alilisikia sokoni. Mtu wa kazi yake hangeliacha likae bure.

Wiki iliyofuata lile gari lilipita tena. Safari hii watoto hawakukoroma. Khamis alikuwa kazini kwa sare mpya, Barke alikuwa ukumbini na wageni, na Johari alikuwa jikoni na muhogo mekoni. Sauti ilianzia mbali, ikakaribia, ikajaa nyumbani: mke wa marehemu Mwinyihaji, mpishi mashuhuri wa Kisauni, ameonja, hakuweza kutofautisha. Shada. Hata yeye hakuweza kutofautisha.

Ukumbini mazungumzo yalikatika. Barke akaja hadi mlango wa jikoni, akasimama akiikunja ncha ya leso. Johari alimuuliza kama wageni wameshapewa maji.

Jumaa hakuja tena kumjulia hali. Alituma salamu kwa watu, salamu fupi.

Gari lilipokwisha kupita, Johari alichota mchuzi kwa upawa, akamimina kiganjani, akaonja. Akatia chumvi. Akaonja tena, akatia tena. Jioni Khamis aliporudi aliandaliwa, akamega muhogo, akachovya, akatia kinywani. Chumvi ilimkunja uso. Kisha akaendelea kula mpaka sahani ikaisha, akaomba maji, akaomba mengine.