Chungu Kisichoambiwa Msiba

Bibi Amisa alinichagua mimi kwa sababu siongei. Binamu zangu wana miguu mizuri kuliko yangu, lakini wote wana midomo.

"We ndiyo utakibeba," aliniambia, amelala kwenye mkeka uani kwetu Gitega. "Kile chungu hakipendi kelele. Na zaidi ya kelele hakipendi msiba."

Hilo nililijua tangu utoto. Chungu chetu cha nili kililetwa na baba yake Bibi, muuza nguo aliyetoka Mali, mbali huko magharibi, akaoa hapa na kuzeeka hapa. Rangi iliyo ndani yake iko hai. Inalishwa pumba na maji ya majivu, inafunikwa blanketi wakati wa baridi, na kila asubuhi inasalimiwa kama mkubwa wa nyumba. Inanuka kama zizi la mbuzi. Ukichovya nguo nyeupe inatoka ya kijani, halafu hewa inaigeuza buluu mbele ya macho yako. Mtu akiivaa nguo hiyo, anayemtafuta kwa chuki hamwoni. Anaona kivuli, au mgomba, au njia tupu. Lakini kifo kikitajwa karibu na chungu, rangi inachacha na hairudi tena.

Zamani, Bibi alisema, kukitunza haikuwa kazi ngumu, misiba ilikuwa michache. Vita vilipokuja, watu hawakuwa na habari nyingine. Kila aliyebisha hodi alikuja na jina la mtu. Bibi akakihamisha chungu kutoka sebuleni kwenda jikoni, kutoka jikoni kwenda nyuma ya choo, mwishowe akawa anawazuia wageni mlangoni: "Semeeni huko huko barabarani." Majirani wakasema ana kiburi.

Sasa kaka yangu Saidi alikuwa amejificha Muyinga, juu ya dari ya shangazi Kadidja. Saidi ni fundi cherehani. Mapigano yalipofika mtaani kwao aliwaficha watu ndani ya duka lake, wa huku na wa huko, bila kuwauliza upande wao, na vijana wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, wakaapa kumchinja. Mpaka wa Tanzania hauko mbali na pale, lakini njia ni moja na bariyeri iko katikati. Bila nguo ya nili asingepita.

"Kwa nini asipite usiku?" niliuliza.

"Usiku ndiyo wanamngoja." Bibi alikohoa mpaka nikamshika mgongo. "Atapita mchana, kama mtu mwenye haki ya kupita. Nenda. Na wakikuuliza hali zetu?"

"Nijibu salama."

"Halafu?"

"Ninyamaze."

Kwetu hilo ni gumu. Ukiulizwa hali unajibu salama kwanza, hata maiti ikiwa chumbani, ndipo unasema ila. Salama, ila mtoto ametutoka. Salama, ila nyumba imeungua. Mimi nilikatazwa ila.

Tulimimina rangi kwenye chungu kidogo, tukakiziba kwa jani la mgomba, na Bibi akanifunga nacho mgongoni kwa khanga kama mtoto. Nilisafiri na jirani yetu Donatienne, Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala. Lori la chumvi lilitufikisha Buhiga, mafuta yakaisha, tukashuka na kuanza kutembea.

"Mi nabeba samaki, we unabeba choo," alisema Donatienne. "Hata mwizi atatukimbia."

Nilicheka kwa pua.

"Ee! Kumbe iko na meno, huyu mutoto!"

Alitangulia mbele yangu na kazi yake ilikuwa watu. Mwanamke yeyote aliyekuja na uso ulioanguka, Donatienne alimwahi kabla hajafungua mdomo. "Usiseme, mama, usiseme. Pita. Tutalia wote kesho." Wengine walimtukana. Wengine walipita tu, kama watu walioambiwa neno la kawaida. Milima ilipandana mmoja nyuma ya mwingine. Kahawa ilikuwa imeiva na kuanguka chini, hakuna wa kuiokota, na nyumba zilikuwa wazi, milango imeng'olewa. Sikuwa na huzuni. Huzuni inataka nguvu.

Tulilala Gashoho kwenye baraza ya soko. Asubuhi nilikuwa nimeshakisalimu chungu na kukirudisha mgongoni, nikamwona Baguma, mume wa Donatienne, anakuja kutoka upande wa Gitega na baiskeli. Njia ilikuwa mteremko lakini hakuipanda, aliisukuma. Alipotuona akavua kofia.

"Farida," alisema. "Pole, mutoto. Bibi yako..."

Donatienne alimrukia akamziba mdomo kwa mkono unaonuka ndagala. "Baguma! Chungu!"

Tulisimama hivyo watatu. Muuza mihogo aliyekuwa karibu alianza kucheka, akidhani ni ugomvi wa mke na mume. Baguma aliuondoa mkono wa mkewe taratibu. Alinitazama usoni, kisha akatazama mzigo wangu.

"Bibi yako," alisema, "anakusalimia sana."

"Asante," nilisema.

Nilitaka kukaa pale pale kwenye vumbi na nisiinuke. Lakini chungu kilikuwa na joto mgongoni, joto la mtoto aliyelala, na Saidi alikuwa juu ya dari. Nilikaza khanga. Donatienne hakufanya mzaha tena mpaka tulipofika Muyinga, na hapo ndipo nilipojua jinsi mzaha wake ulivyokuwa umenibeba.

Shangazi Kadidja alitupokea mlangoni. Yeye ni mtu wa adabu, salamu zake haziishi upesi.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Kile kikohozi?"

"Kimepoa."

"Usingizi anapata?"

"Anapata, shangazi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama chungu. "Haya," alisema, "tufanye kazi."

Tulihamishia rangi kwenye mtungi wake, tukaongeza maji ya vuguvugu, tukailisha pumba, tukangoja. Povu lenye rangi ya shaba lilipopanda juu, nilipiga magoti nikaisalimia. Salamu ni lazima, na ni lazima umtaje aliyekutuma. "Bibi Amisa anakusalimu," nilisema. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimechoka mno hata kwa kutetemeka. Povu halikupasuka.

Nguo nyeupe mpya ndani ya nyumba ilikuwa moja tu, sanda ambayo shangazi alijiwekea, na hiyo haikufaa hata kusogezwa karibu. Tukashusha pazia la chumba chake. Saidi akateremka darini kulishona, amekonda, nywele zimejaa masizi.

"We bubu," aliniambia, "umekuja na miguu yako mwenyewe? Na Bibi hajambo?"

"Salama."

"Mwambie sikukuu ya Idi nitamshonea gauni la mikono mirefu, aache kunisumbua na baridi yake."

"Nitamwambia."

Aliishona kanzu, tukaichovya na kuianika, tukaichovya tena, mpaka ikawa buluu iliyokaribia weusi. Siku ya soko, jua likiwa katikati, aliivaa akatoka. Mimi na shangazi tulimfuata kwa mbali, vikapu kichwani.

Bariyeri ilikuwa mwanzi mmoja juu ya mapipa mawili. Vijana watatu walikuwa pale. Saidi alifuata kundi la wanawake wenye ndizi. Kijana wa kwanza alimtazama akapiga miayo. Wa pili alimpita karibu hata bega likamgusa, akajikuna tu. Wa tatu alikuwa ameketi kwenye jiwe, anakula muwa. Aliinua kichwa, macho yake yakatua usoni kwa Saidi, na hayakuondoka.

Saidi akasimama.

Rangi imechacha, nilifikiri. Nimeidanganya nayo imejua. Yule kijana alitema makapi ya muwa. Akawatazama wenzake, akaona hawaoni. Kisha alivuta miguu yake kutoka njiani, kama unavyompisha mtu kwenye benchi, akamgeuzia mgongo na kuendelea kula.

Shangazi alinishika mkono. "Yule hamchukii," alinong'ona. "Ndiyo maana amemwona."

Saidi alipita. Alikwenda polepole mpaka kwenye kona ya mikaratusi, na baada ya kona hatukumwona tena.

Tukageuka kurudi. Kabla ya kufika nyumbani shangazi aliacha njia, akaingia kwenye shamba la mtama, nami nikamfuata mpaka mahali ambapo paa la nyumba yake halikuonekana. Akateremsha kikapu.

"Mama amezikwa lini?" aliuliza.

"Sijui. Nilikuwa njiani."

Alivua mtandio wake akanifuta uso, halafu akajifuta wa kwake, ingawa hakuna aliyekuwa amelia. Kulia kungekuja, lakini kwanza miguu ilikuwa imekwisha. Tuliketi kati ya mashina ya mtama. Nilimwambia tunatakiwa kurudi, rangi haijalishwa.

"Itangoja," alisema shangazi. "Tukae kidogo."

Tukakaa.